Die Safari, der Safari: vivumishi mbele ya nomino za kike za Kijerumani

Neno safari Wajerumani walilichukua kutoka Kiswahili, wakaliandika kwa herufi kubwa kama nomino zao zote, kisha wakalipa jinsia ya kike: die Safari. Mwongoza watalii wa Mombasa akitaka kusema "safari ndefu" kwa Kijerumani, neno la kwao linamrudia likiwa na masharti. Eine lange Safari, hapo hakuna shida. Akitaka kusema "baada ya safari ndefu", inakuwa nach einer langen Safari. Safari ni ile ile na urefu wake haukuongezeka, ila eine imekuwa einer na lange imekuwa langen.

Hapa ndipo hukwama wengi waliokuwa wakienda vizuri tangu A1, ngazi ya kwanza ya kozi: wahudumu wa hoteli za Nyali na Bamburi, vijana wanaotembeza wageni Fort Jesus, wauguzi wanaojiandaa kwenda kazini Ujerumani. Wanakabidhiwa majedwali matatu yenye visanduku 48 na kuambiwa wayakariri. Usianze hivyo. Chukua safu moja tu, ya nomino za kike, uimalize kabla hujagusa nyingine. Safu hiyo ina visanduku 12 katika majedwali yote matatu, na ndani yake mna tamati tatu tu: -e, -en na -er.

Kanuni yenyewe

Kijerumani kina hali nne za nomino, zinazoonyesha kazi yake katika sentensi: nominativi, akuzativi, dativi na genitivi. Kwa nomino za kike hali hizo ni pande mbili tu. Nominativi na akuzativi hazitofautiani hata kidogo, kwa hiyo ziite upande wa kwanza. Dativi na genitivi nazo zimefanana, ziite upande wa pili.

Upande wa kwanza, kivumishi huishia -e. Haijalishi kilichotangulia ni die, eine, diese, jede, meine, keine au si kitu chochote: die alte Fähre (feri kuukuu), eine alte Fähre, unsere alte Fähre, frische Milch (maziwa mabichi).

Upande wa pili, jiulize: mbele ya kivumishi kuna artikeli (kijineno kama die, der au einer), au neno linalokalia nafasi yake kama dieser, meiner, keiner? Likiwepo, andika -en: mit der alten Fähre, mit einer alten Fähre, mit unserer alten Fähre. Lisipokuwepo, andika -er: mit frischer Milch.

Kanuni imeishia hapo. Mwenye kujifunza nomino za kiume ana kazi kubwa zaidi, maana der alte Mann hugeuka den alten Mann katika akuzativi, na ein alter Mann ina tamati tofauti na der alte Mann. Za kike hazina hayo. Die na eine zinakaa na kivumishi kile kile, kwa hiyo tofauti ya artikeli bainifu na isiyo bainifu, inayowasumbua watu kwingineko, hapa weka kando.

Ile -er isiyo na artikeli huonekana kama imeangushwa kutoka mbinguni, lakini ina sababu. Kijerumani kinataka hali ionekane mahali fulani ndani ya kifungu. Katika der frischen Milch kazi hiyo imefanywa na der, kwa hiyo kivumishi kinapumzika na -en. Der ikiondoka, -er yake haiondoki nayo, bali inahamia kwenye kivumishi: frischer Milch. Ukilielewa hilo, hutaandika mit der frischer Milch, kwa sababu mzigo huo mmoja huwezi kuubebesha watu wawili.

Kujua uko upande upi

Kosa la tamati mara nyingi si kosa la tamati. Mtu anajua -e, -en na -er, ila hakujua kwamba yumo katika dativi. Hapa sarufi ya Kiswahili uliyosoma sekondari inakufaa kuliko unavyodhani. Unakumbuka kiima, shamirisho kipozi, shamirisho kitondo na shamirisho ala? Chukua sentensi "Muuguzi kijana anampa mgonjwa mpya kidonge cheupe", na wote wawili ni wanawake:

Die junge Pflegerin gibt der neuen Patientin eine weiße Tablette.

Kiima (die junge Pflegerin) kiko nominativi. Kipozi, yaani kile kinachotolewa (eine weiße Tablette), kiko akuzativi. Kwa hiyo vyote viwili vina -e. Kitondo, anayepewa (der neuen Patientin), yuko dativi, na ndiye peke yake mwenye -en. Ala nayo huenda dativi kwa kupitia mit: mit einer dünnen Nadel, kwa sindano nyembamba.

Ulinganisho huu hauendi mpaka mwisho. Viko vitenzi ambavyo kwetu huchukua mtendwa wa kawaida lakini kwa Wajerumani hutaka dativi: helfen (kusaidia), danken (kushukuru), folgen (kufuata), antworten (kujibu). Ni Ich helfe der alten Frau, si die alte Frau. Wageni wanaotembezwa huambiwa Bitte folgen Sie der jungen Kollegin, "tafadhali mfuateni mwenzangu huyu". Gefallen (kupendeza), gehören (kuwa mali ya) na schmecken (kuwa na ladha nzuri kwa mtu) vina tabia hiyo hiyo. Viandike hivi saba kwenye karatasi moja uvibandike unapoviona kila siku, maana havitambuliki kwa sura.

Vihusishi ndivyo vinavyoamua sehemu kubwa ya mazungumzo. Aus, bei, mit, nach, seit, von, zu na gegenüber: dativi, bila mjadala. Durch, für, gegen, ohne na um: akuzativi, bila mjadala vilevile. Bis nayo ni ya akuzativi, kwa hiyo "mpaka wiki ijayo" ni bis nächste Woche, hali "tangu wiki iliyopita" ni seit letzter Woche. Hiyo jozi ikae kichwani, kwa sababu mtu akiulizia chumba au ziara mazungumzo hayakosi wiki.

Vimebaki tisa vyenye nyuso mbili: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Kinachohamia mahali fulani kinachukua akuzativi, kilichopo mahali fulani kinachukua dativi. Mswahili huponzwa hapa na kiambishi chake mwenyewe. Sisi tunasema "naenda mjini" na "niko mjini", -ni ile ile, na sikio halioni sababu ya kutofautisha. Mjerumani analazimika:

Wir gehen in die schöne Altstadt. (Tunaenda Mji wa Kale.)
Wir sind in der schönen Altstadt. (Tuko Mji wa Kale.)

Usiishie kwenye "mwendo ni akuzativi, utulivu ni dativi", kama unavyosikia darasani. Ukitembea ndani ya Fort Jesus dakika arobaini huku unapanda na kushuka ngazi, bado ni in der alten Festung, kwa sababu hujaingia wala hujatoka, umo humo humo. Kinachoangaliwa ni kuvuka mpaka: ulikuwa nje, sasa unaingia. Ukiwa getini unawaambia wageni Wir gehen jetzt in die alte Festung. Mkishaingia, unasema Wir sind in einer portugiesischen Festung, sie ist über 400 Jahre alt. (Wareno waliianza 1593, hesabu ni yako.) Muuguzi naye anaikuta tofauti hii wodini: Ich bringe die Patientin auf die chirurgische Station wakati wa kumpeleka, Sie liegt auf der chirurgischen Station akishalazwa.

Halafu kuna warten auf. Kusubiri hakuna mwendo wowote, na bado ni akuzativi: Wir warten auf die nächste Fähre. Pale Likoni umesimama, jua linakuchoma, huendi popote, lakini sarufi inakuhesabu kama unayesogea. Auf iliyofungwa na warten si auf ya mahali. Ukishapanda, sasa ni ya mahali: Wir sind auf der großen Fähre.

Der isikudanganye

Somo la kwanza kabisa la Kijerumani linakuambia der ni ya kiume. Linasema kweli, ila kwa nominativi peke yake. Katika dativi na genitivi, der ni ya kike, na anayeshikilia somo la kwanza hufanya moja kati ya makosa mawili. La kwanza ni kuandika mit die neue Fähre, akiona die ndiyo ya kike na haibadiliki. La pili ni mit der neue Fähre: amekumbuka der, kisha kivumishi akakipa -e kwa sababu sikio lake limezoea der neue kutoka kwa nomino za kiume. La pili ndilo sugu. Dawa yake ni kuacha kujifunza der peke yake katika dativi. Jifunze der ...en kama kitu kimoja, mfano wa mlango na bawaba zake: der neuen, der alten, der kleinen, der letzten. Mit der, von der, bei der, nach der. Kila moja ya hizo ikitoka mdomoni, -en iwe tayari inasubiri.

Kihusishi zu humeza artikeli kikawa zur (zu der), na watu hudhani artikeli imepotea, wakaandika zur alter Festung. Haikupotea, imo ndani ya zur, kwa hiyo ni zur alten Festung.

Ikumbukwe pia kwamba kifungu kinaweza kuwa na mmiliki mbele badala ya artikeli. Mit Aishas neuer Adresse, "kwa anwani mpya ya Aisha". Aishas si artikeli na haionyeshi hali ya Adresse, kwa hiyo kivumishi kinabeba -er. Lakini mit ihrer neuen Adresse ina ihrer, basi -en. Viel na wenig zisipobadilika umbo nazo hazihesabiki kama artikeli: mit viel kalter Milch.

Pale Kiswahili kinapokuponza

Sisi ni watu wa upatanisho. Kitabu kizuri, vitabu vizuri, na hata kivumishi kikija baada ya "ni", kinapatana: kitabu hiki ni kizuri. Kijerumani hakifanyi hivyo. Kivumishi hupatana kikiwa mbele ya nomino tu. Kikija baada ya sein, werden au bleiben, kinasimama mkavu, bila tamati: Die Suppe ist heiß. Eine heiße Suppe. Mwanafunzi mwenye bidii ya ngeli huandika Die Suppe ist heiße na hushangaa kuona wino mwekundu, kwa sababu kwake kuacha upatanisho ndio uvivu.

Kwa upande mwingine, sisi tunavyo vivumishi visivyopatana, kama safi, ghali, rahisi na hodari. Wajerumani pia wanavyo, vichache: rosa na lila havibadiliki (mit einer rosa Bluse), na maneno ya miji yanayoishia -er hayabadiliki na huandikwa kwa herufi kubwa: in einer Berliner Schule, eine Hamburger Zeitung. Hiyo -er ya Berliner si ya dativi. Ukiiona imesimama katika nominativi usidhani sheria imevunjwa.

Jambo jingine: kwetu uhai unashinda umbo. Kiboko ana ki-, lakini ni kiboko mkubwa, si kikubwa, maana yu hai na anaingia A-WA. Kijerumani kinafanya kinyume, umbo linaushinda uhai. Msichana ni das Mädchen kwa sababu -chen hudai das, na hiyo ndiyo sababu ni das kleine Mädchen. Twiga dume bado ni die Giraffe, na ukitaka kutaja udume wake unasema eine männliche Giraffe. Kasa ni die Schildkröte, fisi ni die Hyäne, hata wakiwa madume. Jinsia ya neno haihusiani na yule mnyama uliyemwona.

Kuzitambua za kike, angalia mwisho wa neno. -ung (Festung, Wohnung), -heit na -keit (Krankheit, Luftfeuchtigkeit), -schaft, -tät, -ion (Station, Operation), na -in ya wanawake (Touristin, Patientin) ni za kuaminika. -e ni ya kike mara nyingi, ila ina waasi wake: der Name, der Käse, der Löwe, der Affe, das Auge, das Ende. Simba na nyani unawataja kila siku kama unapeleka wageni Tsavo, kwa hiyo hao wawili wajue mapema. Na watu wa pwani wawe macho na neno See: die See ni bahari, der See ni ziwa. An der rauen See ni kwenye bahari iliyochafuka, am großen See ni kando ya ziwa kubwa, na tamati zinafanana huku maana zimeachana. Bahari yetu ina maneno mengine mawili ya kike unayoyahitaji ufuoni: die Flut, maji kujaa, na die Ebbe, maji kupwa. Jahazi nalo ni la kike, die Dhau: Wir segeln mit einer alten Dhau.

Menyu, mahali -er inapoishi

Vitabu vya A2 huipitia ile hali isiyo na artikeli kwa haraka, kana kwamba ni nadra. Kwenye hoteli si nadra hata kidogo. Menyu ya Kijerumani haina nafasi ya artikeli, na chakula cha pwani kimejaa vitu vya kike: die Milch, die Kokosmilch, die Soße, die Mango, die Papaya, die Butter, die Marmelade, die Suppe. Basi utaandika:

Fisch in würziger Kokossoße
Reis mit frischer Kokosmilch
Garnelen mit grüner Mango
Brot mit hausgemachter Marmelade

Zote -er, kwa sababu ya mit na ya in ya mahali. Jina la chakula likisimama peke yake bila kihusishi, ni nominativi: Heiße Suppe, Frische Kokosnuss. Kosa linaloonekana sana ni mit frische Kokosmilch. Mgeni ataelewa, ataagiza, atakula, ila menyu itakuwa imesema kwa sauti kwamba hakuna aliyeikagua.

Vivumishi vikiwa viwili, vyote vinapata tamati moja: mit frischer kalter Milch, in einer kleinen alten Gasse. Cha pili hakilegezi kamba kwa kuwa cha kwanza kimeshafanya kazi.

Wingi unaojifanya kike

Die ni ya kike umoja, na die pia ni ya wingi wa jinsia zote. Mfanano huo umewaangusha wengi. Die frische Kokosnuss ni dafu moja. Zikiwa nyingi ni die frischen Kokosnüsse, kwa -en, japo ni nominativi na artikeli ni die ile ile. Baada ya die, diese, alle, keine na meine katika wingi ni -en daima. Bila artikeli ni -e: frische Kokosnüsse, zwei frische Kokosnüsse, viele frische Kokosnüsse. Namba si artikeli, lakini ukiweka die mbele yake, die zwei frischen Kokosnüsse, -en inarudi. Viele haitendi kama alle, na hapo pa kukariri tu. Dativi ya wingi nayo ni den frischen Kokosnüssen, na nomino yenyewe hupokea -n.

Kabla ya kuandika tamati baada ya die, basi, itazame nomino: ni moja au nyingi?

Vivumishi vinavyobadilika shina

Hoch hupoteza c: Die Flut ist hoch, lakini die hohe Flut, bei hoher Flut. Teuer na sauer hutupa e yao: eine teure Reise, saure Milch. Dunkel vilevile: in einer dunklen Gasse. Kwa kulinganisha, tamati huja baada ya -er ya ulinganisho: eine billigere Reise, mit einer billigeren Reise, na ukikosa artikeli mit billigerer Milch, -er juu ya -er. Hiyo ya mwisho inachekesha kuitamka, ila ndiyo sahihi.

Die Deutsche

Kuna nomino ambazo ni vivumishi vilivyovaa herufi kubwa. Mwanamke wa Kijerumani ni die Deutsche, eine Deutsche, na ukiwa naye mit einer Deutschen. Jamaa wa kike ni die Verwandte, mfanyakazi wa kike ni die Angestellte, mgonjwa wa kike ni die Kranke. Zote zinapinda kama kivumishi: Ich arbeite mit einer Angestellten. Die Kenianerin haifanyi hivyo, kwa sababu -in ni nomino halisi: mit einer Kenianerin, imetulia. Mwambie mtu kwa Kijerumani kuwa bosi wako ni Mjerumani, utaona jinsi Deutsche inavyotaka kujifunzwa: Meine Chefin ist Deutsche.

Kusikia na kutamka

Irabu za Kiswahili zote zinasikika wazi, na ndiyo maana tamati hizi hutupotea masikioni. -e ya Kijerumani ni hafifu, karibu imemezwa. Ukiitamka wazi kama e ya "pete" hutaeleweka vibaya, ila utasikika mgeni. -er mwishoni haina r ya kutetemesha. Inasikika karibu na a hafifu, kwa hiyo frischer unaisikia kama "frisha", na wanaoandika imla hukosa herufi mbili nzima. -en baada ya t au d hubaki n tu: alten inakuja kama "altn". Unaposikiliza, usitegemee sikio kukuambia kama ni -e au -en. Tegemea kihusishi na artikeli, maana hizo zinasikika.

Salamu za kila siku zinaweza kukufundisha bila kitabu. Guten Tag, Guten Morgen, Guten Abend, zote -en, kwa kuwa ni za kiume katika akuzativi. Gute Nacht, Gute Reise na Gute Besserung (ugua pole) ni -e, kwa kuwa ni za kike. Umezisema mara mia. Kibao cha ufuoni au bwawa la kuogelea cha auf eigene Gefahr (kwa hatari yako mwenyewe) nacho ni akuzativi ya kike.

Maelekezo ya barabara hukupa mazoezi mengine ya bure, kwa sababu namba za mpangilio hupinda kama vivumishi vingine: Nehmen Sie die zweite Straße links ni akuzativi, an der zweiten Kreuzung rechts ni dativi. Genitivi utaikuta baada ya wegen, während na trotz, na tamati ni ile ile -en: während der langen Regenzeit, wakati wa masika, trotz der großen Hitze, licha ya joto kali. Haihitaji mazoezi zaidi ya hayo.

Mazoezi ya wiki

Chagua nomino 10 unazokutana nazo Mombasa kila siku: Fähre, Brücke, Festung, Altstadt, Insel, Küste, Moschee, Straße, Tasche, Gasse. Chagua vivumishi 5: alt, neu, klein, schön, lang. Halafu tumia fremu tatu: Das ist eine ..., Ich sehe die ..., Ich spreche von der .... Kila nomino ipite katika fremu tatu, kwa kivumishi kinachoingia akilini. Hizo ni sentensi 30, na kwa sauti hazizidi dakika 15. Siku ya tano au ya sita fremu ya tatu huanza kujitoa yenyewe, von der neuen, bila kufikiri. Kadi za msamiati usiziandike die Fähre peke yake. Upande wa pili uwe na kifungu kizima, mit der neuen Fähre.

Ukiandika barua au barua pepe, isome mara ya pili ukitafuta vivumishi tu. Kila kimoja kizungushie duara, kisha tazama kushoto kwake. Hii hapa ni ya kujaribia, imejaa makosa:

Sehr geehrte Frau Weber, vielen Dank für Ihre freundlichen Anfrage. Unser Hotel liegt in einer ruhige Straße mit schöne Aussicht. Die Küche ist gute. Mit der nächste Fähre kommen Sie nach Diani. Mit freundlichen Grüßen

Für ni ya akuzativi, kwa hiyo Ihre freundliche Anfrage. In yenye liegt ni ya mahali, dativi, na einer ipo: in einer ruhigen Straße. Mit bila artikeli: mit schöner Aussicht. Baada ya ist, kivumishi kikavu: Die Küche ist gut. Mit der inavuta -en: mit der nächsten Fähre. Sehr geehrte iko sawa. Na Mit freundlichen Grüßen usiiguse hata kama macho yanakuambia baada ya mit bila artikeli ingekuwa -er: Grüße ni wingi, na dativi ya wingi huchukua -en, artikeli iwepo isiwepo.